Mgonjwa yupi kwanza? Namna ya kujiandaa kwa mtihani wa leseni ya uuguzi



Katika kambi zetu, na katika mitaa ya Bujumbura wanakoishi wakimbizi wa mjini, wapo watu wengi waliosomea uuguzi. Wapo waliomaliza A2 huko Uvira, Bukavu au Baraka. Wapo waliokimbia wakiwa wamebakiza staji ya mwisho. Wapo pia vijana waliopata nafasi ya kusoma hapahapa Burundi. Wengi wao leo ni wahamasishaji wa afya, au wanapima watoto uzito kwenye kituo cha lishe, au wanauza mboga sokoni. Mara nyingi wanachokosa si ujuzi wa kazi. Wanakosa karatasi inayowaruhusu kuifanya.

Katika nchi nyingi karatasi hiyo haitolewi kwa kuonyesha diploma peke yake. Unafanya mtihani wa leseni. Tanzania unasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, lililo chini ya sheria ya 2010. Kenya na Rwanda nako yapo mabaraza yenye mitihani yao. Ndugu zetu waliopelekwa Marekani wanakutana na mtihani uitwao NCLEX. Na hapa Burundi, shirika linapotangaza nafasi ya muuguzi, mara nyingi waombaji hupewa kwanza mtihani wa maandishi, na maswali yake ni ya aina moja na hiyo mingine: maswali ya mgonjwa.

Tunaulizwa sana: nisome kitabu gani? Jibu letu litawashangaza wengine. Watu wengi walioshindwa mitihani hii walisoma vitabu vya kutosha. Walichokosa ni mazoezi ya kujibu swali la mgonjwa.

SWALI LA SHULE NA SWALI LA LESENI

Shuleni tuliulizwa: "Taja dalili tano za mtu aliyepoteza damu nyingi." Uliyekariri ulipata alama zako. Mtihani wa leseni haukuulizi hivyo. Unakuleta kwenye wodi na kukuuliza utafanya nini. Hebu soma swali hili, na uweke kidole kwenye jibu lako kabla ya kuendelea.

Uko peke yako kwenye zamu. Wagonjwa wanne wanakusubiri. Utamwendea yupi kwanza?
(a) Mwanamume wa miaka 30 mwenye malaria, joto 39.2, anaongea na anakunywa maji.
(b) Mama aliyejifungua saa mbili zilizopita, ametulia kimya, mapigo ya moyo 128 kwa dakika, presha 100/60, pedi yake imelowa kabisa.
(c) Mtoto wa miaka 3 aliyevunjika mkono, analia kwa nguvu na mama yake analalamika.
(d) Mzee mwenye presha 160/95 anayesubiri dawa yake ya kila siku.

Wengi hukimbilia mtoto, kwa sababu analia na mama yake anapiga kelele. Ndivyo ilivyo hata kwenye foleni ya kituo chetu: mwenye sauti hupita mbele. Lakini mtoto anayelia kwa nguvu anatuambia kwamba njia yake ya hewa iko wazi na kwamba anapumua. Ana maumivu, atahudumiwa, lakini hatakufa katika dakika kumi zijazo. Wengine huchagua mzee, kwa sababu namba 160 inatisha kuliko 100.

Jibu ni (b). Mama yule kimya ndiye anayekufa. Tazama mapigo yake. Mwanamke kijana mwenye afya anapopoteza damu, moyo wake hukimbia ili kuishikilia presha isishuke. Presha ya 100/60 inaonekana si mbaya, na hapo ndipo mtego ulipo: ikishaanguka kabisa, tayari amepoteza damu nyingi sana. Mtahini ameweka namba mbili pamoja ili aone kama unajua kuzisoma pamoja.

Swali linaendelea. Umefika kwa mama huyo, umeshika tumbo, mfuko wa uzazi ni laini kama unga uliokandwa. Utafanya nini kwanza? (a) Kumpigia daktari simu. (b) Kusugua mfuko wa uzazi huku ukiita msaada. (c) Kumwekea sonda ya mkojo. (d) Kuandika kwenye faili kiasi cha damu.

Angalia vizuri: mambo yote manne ni sahihi. Yote yatafanyika. Daktari ataitwa, kibofu kitatolewa mkojo kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi kukaza, na faili litaandikwa. Kinachoulizwa ni cha kwanza, na cha kwanza ni (b), kwa kuwa mkono wako uko pale na damu inatoka sasa hivi. Baada yake mara moja inafuata oksitosini, yuniti 10 kwenye msuli, serumu kwenye mshipa, na kukagua kama kondo la nyuma limetoka lote.

Hapa ndipo wauguzi waliozoea vituo vya vijijini hujikwaa kwa namna mbili tofauti. Mmoja amezoea kwamba daktari ndiye anayeamua kila kitu, basi kila swali analijibu "nitamwita daktari". Mwingine alifanya kazi milimani mahali pasipo na daktari kabisa, basi hamwiti kamwe, na anachagua majibu yanayovuka mipaka ya kazi yake. Mtahini anataka muuguzi wa katikati. Kama kuna jambo la kuokoa maisha ambalo muuguzi anaruhusiwa kulifanya kwa mikono yake, lifanye kwanza. Kama umeshalifanya, au kama halipo, ita daktari.

Kanuni nyingine ndogo: kama swali halijakupa habari za kutosha, jibu sahihi mara nyingi ni kukagua. "Mgonjwa analalamika kizunguzungu", basi pima kwanza. Lakini kama swali limeshakuambia midomo imekuwa ya bluu na anahema kwa shida, ukaguzi umekwisha. Ukichagua "kupima presha" hapo, umepoteza alama, na wodini ungempoteza mgonjwa.

MTOTO NA SERUMU

Swali la pili tumelichagua kwa sababu linatugusa kila msimu wa kipindupindu na kuhara. Mtoto wa miezi 14, uzito kilo 8, ameharisha siku mbili. Ana hasira, macho yameingia ndani, akipewa maji anakunywa kwa pupa, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole. Hana dalili za utapiamlo mkali. Utafanya nini? (a) Kumwekea serumu ya mshipa. (b) Kumpa ORS mililita 600 kwa saa nne. (c) Kumpa dawa ya kuua vijidudu. (d) Kumwachisha kula na kunyonya hadi kuhara kukome.

Tukubaliane kwamba wazazi wetu wanapenda serumu. Mtoto asipowekewa serumu, mama anarudi nyumbani akisema hakutibiwa. Muuguzi aliyefanya kazi miaka kumi chini ya shinikizo hilo mkono wake unakwenda wenyewe kwenye (a). Lakini mtoto huyu anakunywa, tena kwa pupa. Ana upungufu wa maji wa kiasi, si ule mkali. Hesabu ni mililita 75 kwa kila kilo kwa saa nne: 75 mara 8 ni 600. Jibu ni (b). Akimaliza saa nne anakaguliwa upya. Ananyonya kama kawaida muda wote huo, na anapewa pia zinki.

Sasa fanya kama mwalimu mzuri afanyavyo: badilisha neno moja kwenye swali. Mtoto yuleyule, lakini amelegea, haamki vizuri na hawezi kunywa. Sasa serumu ndiyo jibu, na hesabu ni mililita 100 kwa kila kilo, yaani 800. Kwa mtoto aliyepita miezi 12, mililita 30 kwa kilo zinaingia katika nusu saa ya kwanza, na 70 kwa kilo katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kwa mtoto wetu ni 240, kisha 560. Angekuwa chini ya miezi 12, muda ungekuwa saa moja, kisha saa tano. Kwa hiyo "miezi 14" haikuwekwa kujaza mstari. Wala maneno "hana dalili za utapiamlo mkali" hayakuwekwa kujaza mstari: mtoto mwenye utapiamlo mkali hutibiwa kwa njia nyingine, taratibu zaidi, kwa sababu moyo wake hauwezi kubeba maji mengi kwa haraka.

Mtahini anaweza kuendelea: mpira wa serumu unatoa matone 20 kwa mililita moja, utaweka matone mangapi kwa dakika katika nusu saa ya kwanza? Mililita 240 mara 20 ni matone 4,800. Gawanya kwa dakika 30, unapata 160. Kwa sehemu ya pili, 560 mara 20 ni 11,200, gawanya kwa dakika 150, unapata karibu 75. Fanya hesabu za namna hii kila siku, kwa mkono, bila simu, mpaka zisikutoe jasho.

DAWA SAHIHI, WAKATI MBAYA

Maswali mengi ya hatari yanahusu dawa ambayo imeshaandikwa na daktari, na swali ni kama utaitoa. Mama mwenye kifafa cha mimba anapewa magnesiamu salfeti. Muda wa dozi inayofuata umefika. Unamkuta anapumua mara 10 kwa dakika na goti halishtuki likigongwa. Karatasi inasema toa. Muuguzi anayetii karatasi atatoa, na mama ataacha kupumua. Kabla ya kila dozi lazima pumzi iwe angalau 16 kwa dakika, goti lishtuke, na mkojo uwe angalau mililita 30 kwa saa. Hapa dozi inazuiwa, pumzi inasaidiwa, daktari anaitwa, na kalisiamu glukoneti inaandaliwa, kwa sababu ndiyo inayoondoa nguvu ya magnesiamu.

Vivyo hivyo mgonjwa anayeongezewa damu akianza kutetemeka na kulalamika mgongo dakika chache baada ya kuanza. Cha kwanza ni kuifunga damu. Usianze kwa kumfunika blanketi, wala kumpa paracetamol. Unafunga damu, unaacha mshipa wazi kwa serumu ya chumvi, ndipo mengine yanafuata.

NAMBA, MAJINA NA SAA

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna mtego wetu wa pekee, na haumo katika vitabu vya mazoezi kwa sababu walioviandika hawaujui. Huko Kongo na hapa Burundi tunaandika nusu kwa mkato: 2,5. Kenya, Tanzania na Marekani wanaandika nusu kwa nukta, na mkato unatenganisha elfu. Ukiona "1,000 mg" kwenye karatasi ya Kiingereza, hiyo ni miligramu elfu moja. Aliyezoea Kifaransa anaweza kusoma moja. Kosa hilo ni la mara elfu. Katika toleo hili tumeandika kwa nukta makusudi, muanze kuzoea.

Saa nazo. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, mtihani unaandika 08:00. Dawa ya kila saa sita iliyoanza 08:00 inafuata 14:00, yaani saa nane mchana kwetu. Andika ratiba kama hizo mara kadhaa kwa saa zote mbili, kwa sababu wakati wa mtihani akili iliyochoka hurudi kwenye lugha ya nyumbani.

Kwa mnaokwenda Marekani, majina ya dawa hubadilika. Paracetamol huko huitwa acetaminophen, adrenaline huitwa epinephrine, salbutamol huitwa albuterol. Joto hupimwa kwa Fahrenheit, ambako 38.5 yetu ni 101.3, na uzito kwa paundi, ambako kilo moja ni paundi 2.2. Mtu anaweza kujua kabisa kumtibu mgonjwa wa pumu na akakosa swali kwa sababu hakuitambua dawa aliyoitoa maisha yake yote.

VITABU VYA ZAMANI

Vitabu vinavyozunguka kambini vingi ni vya zamani, na vingine vilipita mikono mingi kabla ya kutufikia. Anatomia haibadiliki. Matibabu hubadilika. Burundi ilipata mlipuko mkubwa wa malaria kati ya 2000 na 2001, na ikaonekana wazi kwamba klorokwini haikuwa na nguvu tena. Mwaka 2003 serikali ikabadilisha dawa ya kwanza kuwa artesunate pamoja na amodiaquine, na baadaye mwongozo ukabadilika tena. Mtu anayesoma kitabu cha 1995 atajibu klorokwini kwa moyo mweupe kabisa. Zinki kwa mtoto anayeharisha nayo ilipendekezwa rasmi na WHO na UNICEF mwaka 2004: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Kitabu cha kabla ya hapo hakiitaji.

Kwa hiyo angalia mwaka kwenye ukurasa wa mwanzo kabla ya kuanza kusoma. Na kumbuka kwamba mtihani wa nchi fulani hufuata mwongozo wa nchi hiyo. Waliozoea mwongozo wa Kongo wakifanya mtihani kwingine, wasome upya sura za malaria, chanjo, kifua kikuu na UKIMWI. Miongozo inayotumika hapa Burundi ipo kwenye kituo cha afya. Omba kuisoma palepale, haikatazwi.

NAMNA YA KUFANYA MAZOEZI

Watu watatu au wanne wanatosha. Wakizidi, mmoja anafundisha na wengine wanasinzia. Msisome swali na jibu pamoja. Mmoja asome swali, kila mtu aandike jibu lake kimya, ndipo mjadiliane. Na kila mtu aseme sababu ya kukataa majibu matatu, pamoja na sababu ya kuchagua lile moja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtu aliyejibu sahihi kwa kubahatisha hajajifunza kitu. Aliyekosa na akaelewa kwa nini, amejifunza.

Kila mmoja awe na daftari la makosa. Usiandike "nimekosa namba 14". Andika ulichofikiri: "nilikimbilia mtoto kwa sababu analia", "nilisoma 1,000 kama 1", "sikuona neno 'kwanza'". Baada ya wiki tatu utaona kwamba makosa yako si mengi kama ulivyodhani. Ni matatu au manne yanayojirudia. Wapo watakaokuta kwamba shida yao si uuguzi bali haraka, na wengine kwamba ni lugha tu. Wenye shida ya lugha wachore safu tatu kwenye daftari: Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, na waanze na maneno ya wagonjwa. Kwa mfano "homa": mgonjwa wetu akisema ana homa anaweza kumaanisha mwili kuwa na joto, anaweza kumaanisha malaria. Mtihani unatenganisha.

Wenye kufanya kazi kituoni wana hazina nyingine. Jioni, chukua mgonjwa mmoja uliyemwona na umgeuze kuwa swali lenye majibu manne. Usiandike jina lake, wala namba yake ya kadi, wala mtaa wake. Kutunga majibu matatu ya uongo yanayofanana na ukweli ni kazi ngumu kuliko kujibu, na mtu aliyetunga maswali ishirini hatishwi tena na mitego ya mtahini.

Muda nao ufanyiwe mazoezi. NCLEX, kwa mfano, hufanywa kwenye kompyuta tangu 1994. Ina maswali kati ya 85 na 150 katika saa tano, yaani karibu dakika mbili kwa swali kwa atakayefika mwisho. Kompyuta hupandisha ugumu ukijibu vizuri na kuushusha ukikosa, kwa hiyo usiogope ukiona maswali yanazidi kuwa magumu. Hiyo inaweza kuwa habari njema. Tangu Aprili 2023 kuna pia visa virefu, mgonjwa mmoja na maswali sita yanayomfuata hatua kwa hatua. Anayeshindwa anaruhusiwa kurudia, kwa kawaida baada ya siku 45. Kuhusu kama A2 yako inakubaliwa, bodi ya jimbo utakaloishi ndiyo inayoamua, na wengi huambiwa waongeze masomo kwanza. Ni vizuri kulijua hilo mapema kuliko kulipata ukiwa umeshalipa ada.

MASWALI YANAYOUZWA

Mjini Bujumbura, kwenye vibanda vya fotokopi na siku hizi kwenye simu, utakuta watu wanauza "maswali ya mtihani wenyewe". Maswali ya miaka iliyopita ya kufanyia mazoezi hayana ubaya. Lakini anayekuambia ana mtihani wa mwezi ujao ni mwizi, na kama si mwizi wa pesa yako basi ni mwizi wa mtihani, na ukikamatwa naye unaweza kufungiwa milango ya taaluma. Hata majibu yaliyochapwa kwenye karatasi hizo mara nyingi si sahihi. Tumeziona karatasi ambazo jibu la swali la mtoto anayekunywa kwa pupa limewekwa kuwa serumu. Ukiwa na karatasi ya namna hiyo, itumie hivi: funika majibu, jibu mwenyewe, kisha jadilianeni nani amekosea, ninyi au karatasi.

Shirika la afya halitozi pesa kwa ushauri wa masomo. Yeyote anayeomba pesa kwa jina letu aripotiwe.

MAJINA KWENYE KARATASI

Tunaligusa jambo hili kwa sababu limewaangusha watu waliokuwa tayari kabisa kwa mtihani. Mkongomani ana majina matatu. Kwenye diploma yameandikwa yote. Kwenye kadi ya mkimbizi huenda yapo mawili, na lile la katikati limeachwa. Kwenye cheti cha staji herufi moja imebadilika, "L" imekuwa "R". Kwa mtu anayepokea faili mezani, hao ni watu watatu tofauti.

Weka karatasi zako zote mezani leo na ulinganishe majina na tarehe ya kuzaliwa. Ukiona tofauti, nenda ofisi ya ulinzi ukaombe marekebisho sasa, kwa kuwa huchukua muda. Waliopoteza diploma njiani wasikate tamaa: Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 22, unataja hata utambuzi wa vyeti vya nje vya wakimbizi, na unaweza kuomba msaada wa kuandikia shule yako ya zamani. Kumbuka mwaka uliomaliza, jina la mkuu wa shule wa wakati huo, na wenzako wa darasa walipo. Mambo hayo husaidia faili kutafutwa. Fanya nakala, na nakala moja iwekwe mahali pengine mbali na nyumba yako. Mvua na moto huingia kambini bila hodi.

Na mpaka leseni itakapopatikana, wale wanaogongewa mlango usiku kuchoma sindano nyumbani wakatae na wampeleke mgonjwa kituoni. Tunajua ni vigumu kumkatalia jirani. Lakini sindano moja ikileta jipu au mgonjwa akianguka, hutakuwa na mtu wa kukutetea, na faili lako la leseni litaishia hapo.

ZOEZI LA MWISHO

Jibuni wenyewe kabla ya kusoma chini. Unafanya kazi kwenye kituo cha afya cha kambi. Kiongozi wa mtaa wako, mzee unayemheshimu na aliyekusaidia kupata nyumba, anakuja jioni. Anasema: "Mwanangu, binti anayetaka kuolewa na kijana wangu alipimwa kwenu wiki iliyopita. Niambie tu kama yuko salama." Utafanya nini? (a) Utamwambia kwa siri, kwa sababu anahusika. (b) Utamwambia kwamba yuko salama, hata kama si kweli. (c) Utamwambia kwamba huwezi kusema kama binti huyo alipimwa au hakupimwa, na kwamba kijana wake na mchumba wake wanaweza kuja pamoja kupimwa na kupewa ushauri. (d) Utamwomba msimamizi wako amjibu.

Jibu ni (c). Wengi waliokosa walichagua (d), wakidhani wamekimbia shida. Lakini msimamizi naye hana ruhusa ya kusema, na ukimpeleka mzee kwake umeshamthibitishia kwamba binti alipimwa. Hata kunyamaza na kuinamisha kichwa kungekuwa jibu kwake. Kwa hiyo maneno ya (c) yafanyieni mazoezi kwa sauti, kwa heshima inayomfaa mzee, mpaka yatoke mdomoni bila kusita.